Wawili Niliowaacha Al Wakrah

Al Wukair, Doha
Alhamisi jioni

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Kabla sijasema langu, goti lako linaendeleaje? Mdogo wangu Mwende aliniambia umeacha kwenda kisimani mwenyewe. Nilifurahi, kisha nikaanza kuogopa, kwa sababu nakujua: hukuacha kwa kuambiwa, umeacha kwa kuumia. Usinifiche. Mvua nayo imefika Kangundo, au bado mnaangalia mawingu? Na yule mbuzi mweupe alishazaa? Mimi mwili ni mzima na chakula kinashuka. Usingizi tu ndio umenikimbia wiki hii. Nageuka geuka kitandani mpaka Okello, yule mlinzi Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, akaniuliza kama godoro langu limeingia kunguni.

Barua hii naiandika mbiombio kwa sababu Kalondu, yule nesi binti wa mwalimu Nzioka, anasafiri kesho kwa likizo na ameahidi kukufikishia mkononi. Kwa simu nisingeweza. Ungenikatiza kabla sijafika katikati, ungeanza kuomba, na mimi ningeishia kusema hakuna shida. Shida iko, Mwaitu. Jumapili nimeitwa ofisini na huenda wakanirudisha nyumbani, na Mwende ninayemlipia karo bado yuko katikati ya chuo.

Wacha nikueleze tangu mwanzo. Kampuni yetu ya mabasi ilipewa kazi ya kubeba wageni wa mkutano uliofanyika katika hoteli moja ya mjini. Ulikuwa mkutano wa Wamarekani na Wachina. Si wakubwa wa serikali, la. Walikuwa walimu, wakulima, wauguzi, watu kama majirani zetu tu, walioletwa Doha kwa kuwa hapa si kwa hawa wala si kwa wale, wakae pamoja wazungumze mbele ya watu. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Sisi madereva tulisimama nyuma tukasikiliza pia, na nisikudanganye, tulivutwa kwanza na ule ubaridi wa ndani.

Siku ya kwanza sikuona cha kuelewana. Hata ndani ya basi Wamarekani walikaa upande wao na Wachina upande wao, na ile njia ya katikati ikawa mpaka. Ukumbini kila mtu alipewa kipaza sauti kwa muda mfupi tu, kengele ikilia anampa mwingine. Kulikuwa na mzee mmoja Mmarekani, mwalimu mstaafu, mrefu, asiyevua kofia, jina lake Walter. Na kulikuwa na mama mmoja Mchina, mkutubi, mwenye sauti ndogo, wakimwita Bi Shu. Bi Shu aliuliza kwa nini Wamarekani wanawaogopa Wachina. Mzee Walter akajibu kwamba haogopi mtu, ila angependa kujua viwanda vya kwao vilihamia wapi. Wakaendelea hivyo, bwana na bibi, bwana na bibi, heshima imekazwa kama kamba ya fahali mkali. Kengele ikalia. Wakakaa kila mmoja akitazama kwingine.

Kesho yake tukawapeleka matembezi Al Wakrah, kwenye soko la zamani la pwani. Tulikuwa na mabasi mawili, langu na la dereva Mnepali. Waandalizi wakatangaza kwamba wakati wa kurudi kila mgeni apande basi analotaka, wasikae tena kwa makundi. Nia yao ilikuwa njema.

Sasa sikia. Kanuni ya kampuni ni kwamba dereva ahesabu abiria kwa kidole, kiti kwa kiti, kila basi linapoondoka. Mimi sijawahi kufanya hivyo. Nasimama mlangoni, nauliza kama tumetimia, wakijibu tumetimia naondoka. Haikuwahi kuniletea neno, kwa maana wageni wangu huwa kundi moja linalojuana. Siku ile nikauliza vilevile. Kiongozi wa Wamarekani akaangaza macho, hakumwona Walter, akadhani yuko kwenye basi lile lingine. Akasema tumetimia. Kiongozi wa Wachina hakumwona Bi Shu, naye akadhani hivyo hivyo. Nikafunga mlango.

Wewe hutaniuliza kwa nini sihesabu. Wengine wote wameniuliza. Wewe ndiye uliyetulea hivyo, hujawahi kutuhesabu hata siku moja, kwa kuogopa kwamba mtoto akihesabiwa huchukuliwa. Jioni ulitundika vikombe vyetu kwenye misumari ile ya ukutani, kila mtoto na chake, na kila aliyeingia akachukua chake. Kikombe kikibaki msumarini ulijua ni nani hajarudi, unatoka nje unamwita kwa jina. Halafu Shangazi Ndunge akaja na mzaha wake, akatunyooshea kidole pale mezani, moja, mbili, mpaka mwisho, akicheka kwamba umezaa kikosi. Nakumbuka ulivyomshika mkono. Haikupita wiki ndugu yetu Kioko akaugua, asiinuke tena.

Nitasema jambo ambalo sijawahi kukuambia. Mimi naamini ni surua iliyomchukua Kioko, si kidole cha shangazi. Nimesoma, nimeishi na watu wa kila namna, najua hivyo. Lakini mkono wangu haujui. Nikiuinua mbele ya watu walioketi kimya wakinitazama, unakuwa mzito, na ninaona ile meza yetu.

Tulipofika hotelini na mabasi yote mawili kushusha watu, ndipo ikajulikana wawili hawapo. Mwaitu, sijawahi kuogopa hivyo. Joto la mwezi huu linaangusha vijana, na yule ni mzee. Nikageuza lile basi kubwa tupu nikarudi Al Wakrah, huku nimekamata usukani kama utaniponyoka. Njiani nilikuwa nikiwaza maneno ya kuwaambia watoto wake.

Niliwakuta nje ya kibanda cha chai, kivulini, kwenye viti vya plastiki, mbele yao chai ya maziwa ya hapa, ile nzito yenye iliki wanayoiita karak. Kofia ya Walter ilikuwa magotini mwake. Nikaanza kuomba msamaha, wakanipungia mkono ningoje kidogo, eti hawajamaliza. Hawajamaliza! Mimi moyo uko mdomoni, wao wana mazungumzo.

Kumbe mzee alikuwa amechelewa kwa kununua ubani, na mama kwa kupiga picha, wakakutana mahali basi lilipokuwa na basi halipo. Simu ya mmoja imezima, ya mwingine haishiki mtandao. Hapakuwa na wa kumtegemea ila yule waliyegombana naye. Wakati wa kurudi walikaa viti vya mbele, nyuma yangu kabisa, wakiendelea na Kiingereza chao cha polepole, nami nikasikia yote. Bi Shu ana mtoto wa kiume anayesoma Marekani, mtoto wa pekee, na siku hizi hapokei simu kila akipigiwa. Akamwambia mzee, "Sikuja Doha kuuliza mambo ya serikali. Nilikuja kuuliza kama mwanangu yuko salama kwenu. Pale ukumbini niliona haya."

Walter akasema kwamba na yeye ana mtoto, kiwanda kilipofungwa akakaa bure nyumbani mpaka mke akamwacha, na kwamba kila akisikia neno Mchina humwona yule kijana wake amelala kwenye kochi mchana. "Nilikuwa nakujibu wewe," akasema, "lakini niliyekasirikia si wewe." Akauliza mji anaosoma mwana wa Bi Shu. Akasema si mbali na kwao, atakwenda kumwona, atamlisha. Mimi niliendelea kutazama barabara. Macho yalikuwa yananisumbua kidogo.

Msimamizi wetu ni Bwana Thomas, Mhindi wa Kerala, ana makelele lakini si mtu mbaya. Alinigombeza mpaka akachoka, kisha akasema, "Halasi, yamekwisha, Daudi. Hakuna aliyeumia. Tunyamaze, na kesho uhesabu." Nikamshukuru. Nikaenda kulala nikidhani mambo yamekwisha.

Siku ya mwisho ukumbi ulijaa. Mudiri, yaani mkurugenzi wa kampuni yetu mwenyewe, alikaribishwa, akaketi mbele kwa kanzu nyeupe inayong'aa. Wakaitwa wanaotaka kusema neno la kufunga, na wakainuka Walter na Bi Shu, pamoja, na kipaza sauti kimoja. Wakasimulia yote, ya mtoto na ya kiwanda. Kengele ikalia na hakuna aliyeijali. Mwanamke mmoja Mmarekani alikuwa analia, na Wachina wawili walihama viti wakaenda kukaa ng'ambo ya pili. Mimi nikasema moyoni, haya, ndilo walilolijia hili. Ndipo mwongoza mjadala akawauliza ilikuwaje wakapata nafasi ya kuongea hivyo.

"Dereva wetu alitusahau," Walter akasema. "Tunamshukuru. Asingetusahau, tungerudi makwetu bila kujuana."

Ukumbi mzima ukacheka, ukapiga makofi. Naye mzee, kwa furaha yake yote, akageuka akaninyooshea kidole pale nyuma nilipokuwa, watu wote wanione. Mwaitu, nilihisi nimehesabiwa. Mudiri aligeuka pia, yeye hakucheka. Nikamwona Bwana Thomas akiinamisha kichwa.

Walter hajui alichonifanyia, na sikumwambia. Ningemwambiaje? Alitaka kunipa heshima. Lakini sasa jiji zima linajua kwamba kampuni yetu iliacha wageni juani, na mudiri lazima afanye jambo. Bwana Thomas aliniita pembeni akaniuliza, safari hii kwa upole, "Niambie ukweli. Kwa nini huhesabu?" Nikasema nilisahau. Akanitazama sana. Akasema mudiri naye ataniuliza Jumapili, na kusahau si jibu, dereva anayesahau watu hawezi kuachiwa basi. Okello naye amenipa ushauri wake: "Wewe sema utahesabu, basi. Hata ukihesabu vibaya, wewe hesabu." Okello huona kila jambo ni jepesi mpaka liwe lake.

Safari ya kwenda uwanja wa ndege ilibaki bado ni yangu, kwa kuwa hapakuwa na dereva mwingine. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimekufikiria wewe. Asubuhi nikaenda jikoni hotelini nikaomba wanipangie maji ya wageni wa basi langu, kila mgeni chupa yake na jina lake juu. Nikaweka sanduku mlangoni pa basi. Kila aliyepanda akachukua yake. Wakaketi wote, viongozi wakasema tumetimia. Nikatazama sandukuni, chupa moja imebaki. Ya Bi Shu.

Nikashuka kumtafuta. Nilimkuta ukumbi wa mapokezi pamoja na Walter, ambaye ndege yake ni ya jioni, akimkabidhi mzee kifurushi cha kumpelekea mwanawe. Soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Alikuwa akimweleza mzee jinsi ya kuzifua, na mzee alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa makini kama mtoto anayetumwa dukani. Nikasimama pembeni mpaka wakamaliza. Nilipomwita kwa jina, Bi Shu alishangaa nimejuaje kwamba hayupo. Nikamwonyesha chupa yake.

Basi Jumapili nitamwambia mudiri ukweli. Nitamweleza vikombe, nitamweleza Kioko, nitamweleza chupa. Labda atanielewa, labda ataona ni ushirikina wa mtu wa porini. Sijui, na kutojua huku ndiko kunakonila. Akikataa chupa na kutaka kidole, nitanyoosha kidole, Mwaitu, kwa ajili ya Mwende. Nimeona nikuambie mwenyewe usije ukasikia kwa mwingine. Na kama hata hilo halitatosha, nitakuja.

Mwende mwambie asiache masomo kwa wasiwasi wangu, yeye asome tu. Nisalimie Mjomba Musyoka wa kinu cha posho, na mkewe aliyenifungia maandazi ya safari. Mwalimu Nzioka mshukuru kwa binti yake. Kalondu ana vipande viwili vya sabuni ya udi, kimoja chako, kingine cha Shangazi Ndunge. Najua hamjanywa chai pamoja tangu siku zile. Cha kwake usimtume mtoto. Mpelekee mwenyewe, goti likikuruhusu, na ukimkuta nyumbani, keti.

Kikombe changu najua bado kiko msumarini karibu na dirisha, na kile cha Kioko kando yake. Usivitoe. Lakini ukisikia hodi wiki ijayo na sauti ikawa yangu, usiniulize kitu pale mlangoni. Teremsha changu, ukioshe vumbi, unimiminie chai.

Mimi mwanao,
Daudi