Mashimo Mawili Kwenye Tuta la Kale

Jumanne, 8 Oktoba

Len Cobbold amechimba mashimo mawili kwenye Tuta, kile kilima cha kale kilichojengwa na watu. Kwa barua yangu mimi, karani wa baraza! Mzee alitaka benchi la kumkumbuka marehemu mkewe, Hettie, pale juu alipopenda kukaa. Juni niliomba kibali idara ya mambo ya kale — kimya. Baraza letu la kijiji lina desturi: asiyejibu kwa wiki nne hana pingamizi. Nikamwandikia Len achimbe mashimo ya miguu ya benchi. Leo ndiyo nimesoma sheria. Kwenye Tuta, kimya si kibali. Kuchimba ni jinai.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mkaguzi anakuja Jumatatu. Mtu aliyekuwa akitembeza mbwa amepiga simu idarani. Nimemweleza mwenyekiti, Bwana Hugh Garrod. Akafunga mlango.

“Barua gani, binti? Mimi sijaona barua.”

Len ana miaka themanini na moja, anasema, hakimu gani atamfunga? Mimi ndiyo kwanza naanza maisha. Na nakala ya ofisini — panya wanakula karatasi, siyo?

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekwenda kwa Len. Kanipa chai na keki ya tangawizi.

“Mbona umepauka hivyo, mwanangu? Hata yai la kuchemsha lina rangi kukushinda!”

Barua yake? Aliwashia moto, kama karatasi zote. “Nakala si unayo wewe?”

Nikasema ninayo. Nikaondoka haraka.

Jumatatu, 14 Oktoba

Saa tano asubuhi. Naandika nimesimama, chumba cha mafaili.

Mkaguzi, Bi Threlfall, ni mpole — afadhali angefoka. Kapima mashimo. Yamepasua udongo uliorundikwa kwa mikono zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Tuliporudi ofisini akamuuliza Len nani alimruhusu. Len akaninyooshea kidole, kwa fahari kabisa: “Huyu hapa. Ana barua.”

Garrod akakohoa. Mzee huyu, kumbukumbu zake . . .

“Kumbukumbu zangu? Nakumbuka hata ulivyojikojolea kwenye igizo la Krismasi utotoni, Hugh, umevaa mabawa ya malaika!”

Bi Threlfall hakucheka. Akanigeukia: basi tuione.

Nikasema ngoja niitafute. Niitafute! Iko mkononi mwangu. Dakika kumi sasa. Nasikia Garrod akisema huenda haikuwahi kuwepo.

Kuna hatua ukumbini. Nimeikunja nakala mara nne, sasa inatosha mfukoni. Sijui kwa nini nimeikunja —