Chombo cha Feliksi Hakitoki

Jumatatu, 22 Septemba 2025

Arobaini ilikuwa juzi. Vitu vya Feliksi vimegawanywa. Koti la mvua kwa Gervasi aliyevua naye, redio kwa shangazi yake wa Simbo, simu kwa mdogo wake Samson. Ni haki yake. Simu yake mwenyewe iliingia ziwani, na kule Ilagala mvuvi bila simu ni kama kiziwi. Lakini nadhani aliniona uso, maana alinifuata jikoni. Akasema nikae nayo kwanza, mbalamwezi ikifika hatakwenda ziwani, atakuja kuichukua Jumapili ile ya tarehe tano.

Leo nimeiwasha. Tangu msiba ilikuwa ndani ya sanduku, chini ya mashuka.

Gemu lake lipo! Lile la kujenga kwa vitofali. Alikuwa akilijenga siku za mbalamwezi tu, akiwa nyumbani. Anakaa mlangoni, mlango wazi, miguu nje, simu mkononi. Namwambia funga, mbu wanaingia. Ananijibu, "Hao wageni wako, mama Agnesi, wakaribishe."

Kajenga ufuko wetu wa Kibirizi. Vichanja vya dagaa, nyumba yetu na bati lake la bluu, chombo cha kuvulia. Mle ndani ya gemu jioni ikiingia pistoni zinakisukuma chombo majini. Taa inawaka, wavu unanyanyuka. Alfajiri kinarudi na kengele inalia nyumbani. Mimi niliona kwa kuchungulia tu begani kwake, huku nasonga ugali. Siku nzima ya mle ni fupi, unasonga, mnakula, imeisha.

Samson akiichukua atalifuta, simu imejaa. Nimempigia Agnesi chuoni Tabora. Anasema nisilie, fundi anaweza kulinakili lote akamtumia kwenye simu yake, halitapotea.

Jumatano, 24 Septemba

Nimekwenda Mwandiga kwa Bonfils, yule fundi simu, kijana wa familia ya Kirundi. "Mwiriwe, mama!" Mchangamfu. Alipoliona gemu akacheka — hakujua wazee nao wanacheza. Nikamwambia mwenyewe hakuwa mzee. Akaacha kucheka, akaomba radhi. Amelituma.

Jioni Agnesi kapiga. Limefika, lakini chombo kimekatika! Nusu iko ufukweni, nusu iko majini, na pistoni zimekwama mikono nje.

Nikampigia Bonfils. Anasema kosa ni letu sote, tulinakili wakati chombo kinatembea. "Nirudishie kikiwa kimelala, mama. Kitu chochote kisitikisike."

Kimelala! Nitajuaje kimelala? Mimi natembea mle kwa kidole gumba kama mtu aliyelewa. Nageuka kushoto najikuta ziwani.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimeanua dagaa mapema nikakaa nalo. Jioni ya kwanza ya mle, chombo kilitoka vizuri. Taa, wavu, kengele. Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu.

Jioni iliyofuata hakikutoka. Na iliyofuata. Nikagonga simu kwenye goti. Wapi! Kimelala pale pale ufukweni kama gogo. Basi ningempelekea Bonfils hivyo hivyo, si kimelala? Lakini sitaki kumtumia mtoto kitu kibovu cha baba yake.

Tena kuna hili: mlango wa nyumba unafunguka wenyewe. Ule ule wa bati la bluu. Naufunga kwa kidole. Jioni nyingine chombo kinagoma, mlango huo, wazi! Cha kutoka hakitoki, cha kufungwa hakifungiki.

Feliksi hakuwa mtu wa kazi nusu. Injini ya Gervasi ilipokuwa inakohoa aliifungua yote, akapanga vipande juu ya khanga yangu mpya, na hakulala mpaka iliponguruma. Khanga ina doa la oili mpaka leo. Iweje hiki akiache hivi?

Jumapili, 28 Septemba

Misa ya kwanza. Halafu Agnesi kwenye simu, nimemsimulia yote. Anasema hiyo ni bagi, yaani kasoro, magemu yote yanazo. Kaangalia nakala yake: juu ya paa baba aliweka kibao kinachohisi mwanga, bila shaka ndicho kinachochanganyikiwa. Nikiwekee jiwe juu, kisione kitu.

Nimepanda ngazi ya mle — nimeanguka mara kadhaa, aibu! — nikaweka jiwe.

Jioni kimetoka! Kimerudi. Kengele. Nikazima simu haraka kabla furaha haijaharibika. Kesho namalizia kuanika, keshokutwa nampelekea Bonfils.

Jumanne, 30 Septemba

Ee Mungu wangu.

Nililiwasha gemu asubuhi nikaiegemeza simu dirishani nikaenda kugeuza dagaa. Nasikia kengele. Kengele tena. Kengele, kengele, mpaka Honorata wa jirani akauliza kama nimefungua shule. Nikakimbia. Mle ni mchana, jua kali, na chombo kinatoka! Hakijafika kimeshasukumwa tena. Pistoni ya mbele inarudi, ya nyuma inasukuma. Nikiwa natazama, kikapasuka. Wavu ukanyanyua hewa. Taa ikaelea juu ya maji peke yake, haina cha kuishikilia.

Nimebonyeza kila kitu. Nimezima. Nimewasha. Bado.

Bonfils anasema nakala yake alishaifuta. Ya Agnesi ndiyo ile iliyokatika. Nzima ilikuwa hii moja, na jiwe nimeliweka kwa mkono wangu.

Sijala.

Alhamisi, 2 Oktoba

Naunganisha. Agnesi ananielekeza kwa simu ya kitochi sikioni, mimi kidole kwenye hii nyingine. Kitofali kimoja kimoja. Ana mtihani wiki ijayo, mtoto wa watu, lakini hajanikatia. Tumekosana mara moja, nilipoweka pistoni ikitazama nyumbani badala ya ziwani. "Mama, hiyo itasukuma nyumba!" Tukacheka.

Kwenye mlingoti wa taa kulikuwa na kitofali cha njano. Agnesi alidhani ni pambo. Si pambo. Baba yake alikuwa akifunga pale kipande cha kitenge changu cha njano, kile kilichoungua na pasi, ili nikitoka alfajiri nikijue chombo chake kikiwa bado mbali. Nimekirudisha kitofali. Ila sikumbuki kama kilikuwa upande wa kulia au wa kushoto. Nimejaribu kukumbuka kitenge chenyewe. Nakumbuka kinapepea, upande sikumbuki.

Jioni tumekijaribu, jiwe likiwa bado paani, maana bila hilo kilikuwa kinagoma. Kimetoka, kimerudi, hakikupumzika, kimetoka tena — nikazima kabla hakijapasuka. Agnesi naye hajui tena. Anasema labda baba alikosea hesabu.

Nimemjibu kwa ukali. Nimempigia tena kumwambia alale salama.

Jumapili, 5 Oktoba

Samson amekuja. Naandika huku yuko sebuleni na sahani yake.

Alifika saa tisa na samaki wawili, migebuka, kwenye mfuko. "Shikamoo mke wangu! Umekonda, nani anakunyima?" Utani wake ule ule. Nikamwambia ni kaka yake, kaniachia mashine mbovu. Nilitaka nimkabidhi simu tu yaishe. Nikashindwa. Nikamwambia yote, jiwe, kengele, chombo, mpaka machozi. Kwa ajili ya gemu! Mtu mzima.

Hakucheka. Akasema, "Lete nione hicho chombo."

Hajui kutumia kidole kama mimi nilivyokuwa. Akavuta vibaya, badala ya kutazama ziwa tukajikuta tunatazama juu. Mimi sijawahi kutazama juu mle, macho yangu yote kwenye maji. Kulikuwa usiku wa mle. Na kulikuwa na mwezi! Mkubwa, wa pembe nne.

"Mwezi gani huu, wa kukatwa na msumeno?" Akacheka sasa. Kisha akarudisha macho ufukweni, chombo ndiyo kinatoka, taa inawaka. Akakunja uso kabisa, kama amemwona mtu halisi. "Na hawa wajinga wanakwenda wapi? Mwezi wote huu, dagaa hawataifuata taa! Watavua nini? Nani kawatoa?"

Nikasema ni mimi.

Nikaweka sahani chini. Mimi, niliyeanika dagaa ufuko huu tangu nimeolewa, ninayejua bila kalenda siku gani vichanja vitakuwa vitupu kwa sababu ya mbalamwezi! Wavuvi wenyewe leo wamelala ufukweni wote, ndiyo maana huyu Samson yuko kwangu anakula. Na kibao nikakiziba macho. Kikaona giza siku zote, basi kikawatoa siku zote, usiku na mchana.

Nimepanda paa, Samson akinishikia simu isitikisike. Nimeliondoa jiwe.

Chombo kimerudi. Kengele. Tumengoja siku ya mle ipite, yeye anatoa miiba, mimi natazama. Jioni ikaingia, mwezi ukapanda, chombo hakikutoka.

Mlango wa nyumba ukafunguka.

Sikuufunga.

Samson akauliza mbona mlango wazi usiku, alikosea? Nikamwambia hapana, hajakosea, kaka yako yuko nyumbani. Akanitazama. Sijui kama ameelewa.

Sasa bado hatujui. Chombo nimekiunga mimi na mtoto, si yeye. Giza la mle likifika kitatoka kizima au kitapasuka tena? Samson anasema mwezi wa mle unapungua, kila jioni kidogo, tungoje. Nimemwuliza gari la mwisho la Ilagala. Kasema limeshaondoka na mwenyewe anajua. Nimempigia Bonfils nikamwambia chombo kimelala, kila kitu kimetulia, nije kesho? Kasema njoo, mama. Nimemwambia Samson. Hajasema ndiyo wala hapana. Chaji imebaki kidogo na umeme umekatika.

Ameichukua simu, amehamia mlangoni kwenye mwanga. Amekaa, miguu nje. Mbu wanaingia.

Ananiita, "Shemeji, njoo, njoo haraka, mwezi wa mle hauonekani —"