Debe Walilokupigia Nyuma ya Kisogo

Tanga,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba yangu, Mzee Manyama, Bugwema.

Shikamoo Baba. Mimi mwanao ni mzima, chakula nakula, joto la huku tu ndilo linanikondesha. Wewe hali yako nimeisoma kwenye barua ya kaka Magesa, na imenikera. Nimeamua kukuandikia mwenyewe. Masikio yamekataa, lakini macho yako yanasomaga hata gazeti lililofungiwa sukari.

Magesa anasema tangu siku mwenyekiti alipotangaza kwamba na sisi tunahamia kijiji kipya, tuliache boma na kaburi la Mama, hujasikia neno. Anasema balozi wa nyumba kumi alikunyatia akapiga debe nyuma ya kisogo chako, ukashtuka, watu wakacheka. Halafu wakapiga kelele kwamba ng'ombe zimeingia kwenye pamba, wewe ukaendelea kumenya muhogo. Sasa mkutano wa mwisho wa mwezi unataka kukutangaza mwongo na mkaidi wa maendeleo. Nililia Baba, halafu nikakasirika, na hasira bado ninayo. Nakiri, kwanza hata mimi nilidhani unawafanyia makusudi, maana nakujua. Nisamehe.

Ngoja nikueleze tuliyoyaona huku. Unajua nipo chumba cha kupima masikio, namsaidia daktari. Aliletwa kuli mmoja wa bandarini, mtu mzima mwenye watoto, kawa kiziwi ghafla. Tukamwangalia masikio, safi. Tukampima kwa mashine, majibu yakawa hayalingani, leo sauti kubwa haipati, kesho anapata ndogo. Mwisho tukampa gazeti asome kwa sauti, amefunikwa masikio kwa vile vidude vya mashine, mimi nikamfungulia kelele humo ndani. Sauti yake ikapanda, kama tulivyokuwaga tukiongea pale jineri, kwenye makelele ya mashine za kuchambua pamba. Mwenyewe hakujua kwamba imepanda. Masikio yalikuwa yanapokea.

Mkuu wa zamu akasema, "Kupe huyu. Andika anajisingizia, arudi kazini."

Nikamwambia siandiki. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ndiye ninayemwona anavyotetemeka, na kama kalamu ni nyepesi aandike yeye.

Daktari alipofika hakugomba na mtu. Alimwandikia yule kuli kwamba hata akipona hatarudishwa kwenye magunia, atapewa kazi nyingine. Bado hakusikia. Mwongo angepona siku hiyohiyo. Kisha akamwandikia swali, jambo la mwisho alilolisikia ni lipi. Akajibu, mwenzake akimwita jina kutoka chini ya magunia yaliyoporomoka. Daktari akatuambia, "Anayejisingizia anajua kwamba anasikia. Huyu hajui. Uchungu ndio umemfunga, si yeye aliyejifunga." Hakuna aliyemzomea tena. Kila siku nilikaa naye, nikamwandikia kwamba masikio yake ni mazima na yatarudi. Wiki ya tatu akalalamika kwamba redio ya jirani inampigia kelele.

Basi debe la balozi halikuonyesha uongo wako. Limeonyesha tu kwamba masikio yako ni mazima, na hilo ni jambo la kushukuru. Kuhama tutahama, Baba. Ujamaa siupingi, ndio ulionisomesha mimi binti wa mchunga ng'ombe. Lakini kukuita mwongo kwa sababu umeumia kuliacha kaburi la mkeo, hilo nalikataa mchana kweupe, na mwenyekiti aambiwe nimelikataa.

Kwenye bahasha kuna karatasi ya pili, daktari ameiwekea sahihi. Anaomba upelekwe hospitali ya Musoma ukapimwe, na kabla ya hapo asikuhukumu mtu. Magesa aisome mkutanoni, tena asimame katikati, asijifiche nyuma ya wazee.

Nisalimie shangazi wa Mugango anayenikaushiaga samaki furu, na wifi mke wa Magesa na mtoto wake mchanga. Balozi naye msalimie. Mwambie debe ni la kuchotea maji.

Jambo moja la mwisho, Baba. Inaweza kutokea masikio yakafunguka palepale mkutanoni. Usiogope, wala usijifanye bado husikii eti watasema wamekukamata. Waambie yamefunguka. Jana ulikuwa husikii, leo unasikia, na siku zote mbili umesema kweli.

Ni mimi, unayeniita Mama kwa kuwa nilirithi jina la mama yako,
Nyangeta