Kabla Hujarudisha Amplifaya Dukani

Baba watoto,

Chakula kiko jikoni, kipashe mwenyewe. Kupasha unajua. Asubuhi nimekuona umetulia mbele ya zile amplifaya mbili za gitaa ulizopewa dukani uzijaribu, unangoja taa zake za ndani zipate moto. Mimi hujawahi kuningoja hata nifunge viatu.

Anua nguo mvua ikianza.

Halafu ukampigia simu yule mwimbaji wa bendi yenu, ukampigia na gitaa: “Ipi inafaa kurekodia nyumbani?” Kwenye simu! Na mimi nimesimama mlangoni na chai yako, mwaka wa kumi na moja huu nalisikia gitaa hilo. Hata kuniuliza, wapi! Chai nimeinywa mwenyewe.

~~Rudisha zote mbili.~~

Rudisha ile kubwa aliyoichagua yeye. Chumba chetu kidogo, itanguruma tu. Bakiza ile ndogo. Ukiipunguza sauti, gitaa linalia kama ulivyokuwa ukinipigia kabla hatujaoana.

Ila yeye asiimbie sauti hiyo ya gitaa. Mtafutie sauti nyingine. Hiyo ni yangu.

Mkeo