Sala Niliyoomba Bila Kujiandaa

Siakago, Jumatano usiku

Watoto nimewalaza na viatu miguuni. Alfajiri tunaondoka, sijui kwenda wapi.

Tangu nije Kenya, kabla sijasema neno la Kiingereza naliunda kwanza kwa Kifaransa, halafu naligeuza polepole kichwani. Walimu wenzangu wanangoja. Nachukia sana vile wanangoja.

Leo mkutano wa walimu ulipoanza ilibidi mtu aombe, kama kawaida ya huku. Mwalimu mkuu akanitaja mimi. "Madam, tuombee. Usitafute maneno, ongea tu."

Nikafumba macho, nikaongea tu. Kiingereza kikatoka chenyewe. Niliombea wanafunzi, nikaombea mvua, halafu, bila kutaka, nikamsihi Mungu asimwonyeshe baba ya watoto wangu mahali tulipo. Aliapa kutumaliza, ndipo tukatoroka Bukavu.

Wote wakasema amina.

"Haki leo umeongea kama mtu wa hapa," mwalimu mkuu akaniambia. Na mimi, mjinga, nikafurahi.

Jioni Wanja, sekretari wa shule anayeandika kumbukumbu za mikutano yetu, akanifuata hadi getini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Madam, nisamehe. Kuna mwanaume alikuja juzi, akasema ni ndugu yako. Nikamwonyesha nyumba yako. Sikujua, mpaka nikasikia vile umeomba."

"Anafanana aje?"

"Mrefu tu. Lakini Kizungu chake ni cha polepole, anafikiria kila neno. Kama chako kabla ya leo."