Kikao cha 186: Kura Iliyopigwa Katibu Akiwa Nje

UMOJA WA WAKAZI WA JENGO
Kumbukumbu za kikao cha 186, kilichofanyika Jumamosi tarehe 14 katika ofisi ya Umoja, chumba cha chini, kuanzia saa 10:10 alasiri.

Neno la Katibu kabla ya kumbukumbu: Kwa miaka thelathini na moja nimeandika kumbukumbu za Umoja huu, na kwa miaka yote hiyo nimewaficha wajumbe ugonjwa wangu wa tumbo. Palipoandikwa "Katibu alitoka kupokea simu," hapakuwa na simu. Palipoandikwa "Katibu alikwenda kusoma mita ya maji," mita haikusomwa. Nilikuwa chooni. Lipo jambo la pili, la kikao cha 72, na ndilo lililonifanya niombe ajenda ya tatu.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, mwalimu wa hesabu mstaafu, ghorofa ya kwanza
2. Fundi Bomba, ghorofa ya pili
3. Muuguzi, ghorofa ya tatu
4. Mama Cherehani, mshonaji, ghorofa ya nne, mjane wa marehemu mdogo wake Katibu
5. Katibu, ghorofa ya pili

HAKUHUDHURIA
Dereva, ghorofa ya tatu. Alituma ujumbe kwamba yuko njiani. Alikuwa njiani pia katika vikao vitatu vilivyotangulia.

KUMB. NA. 1/186: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao na kuomba radhi kwa kuchelewa dakika kumi. Fundi Bomba alisema dakika kumi si neno, yeye anamsubiri Dereva tangu mwaka jana. Mwenyekiti alimwomba asubiri kwanza apewe nafasi ya kusema. Fundi Bomba alisema ameshasema.

KUMB. NA. 2/186: BOMBA LA MAJI
Muuguzi alilalamika kwamba maji yanafika ghorofa ya tatu kwa kudondoka, na kwamba bomba lililotengenezwa mwezi uliopita lilidumu siku mbili. Fundi Bomba alijibu kwamba bomba lile lilikuwa zima, ila kuna watu wanafungua koki kana kwamba wanamnyonga kuku. Muuguzi aliuliza ni watu gani. Fundi Bomba alisema hataji mtu, lakini mwenye kidonda ndiye anayekwepa chumvi.

Saa 10:31 Katibu alitoka. Alirejea saa 10:43 na kukuta Mwenyekiti anasimulia kisa cha mkaguzi wa shule aliyefungiwa ndani ya stoo ya chaki. Hakuna kilichokuwa kimejadiliwa. Baada ya hapo iliamuliwa kwamba Fundi Bomba akague bomba upya bila maneno, na Muuguzi amfungulie mlango bila maneno.

KUMB. NA. 3/186: OMBI LA KATIBU
Katibu aliomba kuachia kazi kuanzia kikao hiki. Alieleza kwamba daktari ameuona moyo wake umechoka, na kwamba hesabu iliyobaki ni ya miezi. Alieleza pia kwamba alimuuliza daktari kuhusu tumbo, na daktari akacheka kidogo, akasema, "Mzee, hilo tumbo limekutesa tu. Kukuua haliwezi."

Fundi Bomba alisema, "Basi umeligombeza bure miaka yote."

Katibu aliomba asikatizwe, kwa kuwa pumzi ni chache. Alisema ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka arobaini. Amepimwa damu, choo, na mara mbili ameingizwa mpira wenye kamera. Hakuna kidonda wala uvimbe uliopatikana. Aliambiwa utumbo wake ni mwepesi kuchokozeka: wiki hii unakaza kama fundo, wiki ijayo unafunguka bila kubisha hodi, na katikati tumbo linajaa hewa hadi mkanda hauingii tundu lake. Ameacha maziwa, maharage na vitunguu, na tumbo halikuona wema huo. Siku za kikao hakuwa akila kitu tangu jana yake. Katika mji huu hajui majina ya barabara nyingi, lakini anajua kila duka lenye choo na ni mwenye duka gani hana roho mbaya. Alisema aliwaficha wajumbe kwa sababu mtu akiugua kifua hupewa pole, akiugua tumbo hupewa kicheko.

Kisha Muuguzi alisema, "Babu, bomba la choo chako linapita kwenye ukuta wangu. Miaka tisa. Siku ukiiba maharage mimi ndiye wa kwanza kujua."

Kicheko kilitokea. Katibu naye alicheka, na anaomba iandikwe hivyo.

Fundi Bomba alisema mlango wa ofisi ulikuwa ukilia kama mbuzi, na hakuna aliyemtuma kuutia mafuta kila mwezi. "Nilitaka utoke bila kutangazwa," alisema. Mwenyekiti alisema kisa cha mkaguzi amekianza zaidi ya mara arobaini na hajawahi kukimaliza, kwa kuwa Katibu hurudi kabla, na kwamba yeye mwenyewe hana hakika tena kama mkaguzi alitoka stoo.

Hapo ndipo Katibu alipofahamishwa kwamba kwa miaka kumi na tisa wajumbe wamekuwa na makubaliano yasiyoandikwa popote: Katibu akiwa nje, jambo lolote lisijadiliwe wala kura isipigwe. Katibu aliuliza nani aliyeanzisha. Mwenyekiti alimwonyesha Mama Cherehani.

Mama Cherehani alisema si jambo la kufanyia sherehe. Baada ya kikao cha 72 alimwendea mwenyekiti wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, akamwambia si haki mtu kukosa kura yake kwa sababu ya tumbo.

Katibu aliomba kusoma kumbukumbu yenyewe. Aliisoma:

"KUMB. NA. 4/72. Ilipendekezwa chumba cha chini, anachoshonea Mama Cherehani, kiwe ofisi ya Umoja, pamoja na ufunguo wa choo cha koridoni ambao hukaa na mwenye chumba. Waliokubali watatu, waliokataa wawili. Katibu hakuwemo kwa sababu ya haja. Pendekezo lilipita."

Mwenyekiti alikumbusha kwamba kwa mujibu wa katiba ya Umoja kura zikilingana hoja huanguka. Kura moja ya kukataa ingembakiza Mama Cherehani chumbani kwake. Badala yake cherehani ilipandishwa ghorofa ya nne, na wateja wazee hawakuifuata huko.

Katibu alisema kumbukumbu hiyo ina kosa na anaomba irekebishwe kabla hajaondoka.

Fundi Bomba aliuliza kosa gani. Alisema anaikumbuka siku ile vizuri, maana mkono wa tatu wa kukubali ulikuwa wake: mtoto wake mchanga alikuwa halali kwa kelele za cherehani. "Na shemeji yako huyu alininunia miaka miwili mizima. Nikimsalimu, anasalimia ukuta. Mimi niliyenyoosha mkono nimeshalipa. Wewe hukuwemo, unajitesa na nini?"

Mama Cherehani alisema miaka miwili ilikuwa michache, lakini alimhurumia mtoto.

Katibu alisema kosa liko kwenye maneno "kwa sababu ya haja." Alijaribu kuendelea. Mama Cherehani alimzuia kwa mkono na kusema, "Shemeji, mtu halaumiwi kwa tumbo. Tangu siku ile sijakuwekea kinyongo hata cha punje. Ningekuwekea kinyongo ningekuwa nakuchemshia uji mlaini kila Ijumaa? Ungekuwemo ndani, ungenipigia kura. Hilo nalijua kama ninavyojua jina la marehemu mume wangu."

Katibu aliomba maji. Muuguzi alimpima mapigo ya moyo na kusema Babu asisemeshwe tena leo.

Mwenyekiti aliamua kwamba kumbukumbu iliyokwisha kuthibitishwa haifutwi, lakini Katibu anaruhusiwa kuandika marekebisho mwishoni mwa kumbukumbu za leo, na yatasomwa kwa sauti kikao kijacho kabla ya kuthibitishwa.

KUMB. NA. 4/186: MENGINEYO
(a) Muuguzi aliteuliwa kuwa katibu mpya. Alikubali kwa sharti kwamba maji yafike ghorofa ya tatu. Fundi Bomba alisema huko ni kuteka nyara.

(b) Katibu alipendekeza chumba hiki kirudishwe kwa Mama Cherehani, na Umoja ukutane sebuleni kwa Mwenyekiti kama zamani. Mama Cherehani ndiye aliyekuwa wa kwanza kupinga. Alisema, "Magoti yangu yameshazizoea ngazi. Na ufunguo wa choo ukiondoka hapa, wewe ukitoka mjini utakimbilia wapi? Ghorofa ya pili? Kwa moyo huo?" Mwenyekiti, alipoona mtoa hoja ana machozi na anayepewa chumba anakikataa, aliahirisha hoja hadi kikao kijacho, iamuliwe baada ya marekebisho kusomwa.

(c) Dereva aliwasili saa 11:52 na kuuliza kama amekosa jambo la maana.

KUMB. NA. 5/186: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alimshukuru Katibu kwa mwandiko unaosomeka. Kikao kilifungwa saa 12:05 jioni. Mama Cherehani alimshika Katibu mkono hadi ghorofa ya pili, wakipumzika kila ngazi ya saba.

Sahihi ya Mwenyekiti: .................... (itawekwa kikao kijacho, baada ya kusomwa)
Sahihi ya Katibu: imewekwa.

MAREKEBISHO YA KUMB. NA. 4/72
Yasomwe na katibu mpya kwa sauti, Mama Cherehani akiwepo, hata kama mimi sitakuwepo.

Maneno "Katibu hakuwemo kwa sababu ya haja" yafutwe. Mahali pake paandikwe haya.

Mwaka ule tumbo lilikuwa limenishinda mara mbili kwenye ngazi, nikitoka kazini, kabla sijafika mlangoni kwangu. Mara ya pili mtoto wa jirani aliniona. Choo cha koridoni kilikuwa hatua kumi na moja kutoka mlango wa jengo, na ufunguo ulikuwa kwa mke wa mdogo wangu. Ningemwomba, angenipa siku hiyo hiyo. Lakini kuomba kungekuwa kueleza, na kueleza sikuweza. Chumba kikiwa ofisi, ufunguo ungekuwa wa Katibu, na Katibu haulizwi anaenda wapi.

Wajumbe walipoombwa kunyoosha mikono, nilishika tumbo, nikainama kama ninavyoinama siku zote, nikatoka. Sikwenda chooni. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikia mikono inahesabiwa, watatu kwa wawili, ndipo nikahesabu moyoni hadi mia mbili ili nisirudi upesi mno.

Shemeji, siku ile tumbo halikuniuma.