Bakuli la Shangazi

Alhamisi, msimu wa karafuu, 1959

Hata kama mbavu zangu zinahesabika, si haki kumfedhehesha mke wangu ndani ya nyumba yake.

Alasiri kaja shangazi yangu, Bi Time, na bakuli kubwa la bokoboko, ngano iliyopondwa na nyama. Kalitua mbele ya mke wangu Zuwena, akaniambia, "Kula, mwanangu. Naona hapa hulishwi."

Zuwena aliinama tu, akaendelea kuchambua karafuu.

Hulishwi! Asubuhi nimekula muhogo wa nazi na samaki, mchana sahani mbili za wali. Nakula, sinenepi. Daktari wa Mkoani kanipima kifua, hakuona kitu. Nakiri naogopa kidogo, maana kanzu ya harusi imeanza kunipwaya. Lakini huo ni mwili wangu, si mapishi ya Zuwena. Na yale matawi membamba ya juu kabisa ya mikarafuu, yasiyobeba mtu mzito, nani anayafikia msimu huu kama si mimi?

Bokoboko nikalimaliza. Bakuli la watu halirudishwi tupu, basi nikalijaza wali na mchuzi wa Zuwena, nikalipeleka mwenyewe. Nikakaa mkekani kumtazama shangazi akila.

Kaula wote. Kisha akauliza kama umebaki mwingine.

"Umebaki, shangazi. Lakini utaufuata kwa Zuwena, na utamwomba yeye."